Kutoka Kupokea Hadi Kuanzisha: Wanawake wa Ukoo wa Zawose

Leo nakuletea habari za watunzi wawili wa Bagamoyo ambao nadhani wanajulikana zaidi Uingereza kuliko Chalinze, ingawa kutoka Chalinze hadi nyumbani kwao ni safari ya asubuhi moja tu. Ni Pendo Zawose na Leah Zawose. Mwezi Juni mwaka 2024 walitoa albamu yao ya kwanza, Maisha, wakitumia jina la The Zawose Queens. Pendo ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, na Leah ni mjukuu wake. Nyimbo wameimba kwa Kigogo na Kiswahili, na kazi ya kurekodi ilifanyika hapo hapo Bagamoyo.

Nilipoisikiliza albamu ile swali moja lilinikaa kichwani. Watu hawa wameimba tangu utotoni. Wamezaliwa ndani ya ukoo wenye jina kubwa kuliko koo zote za muziki wa asili nchini. Imekuwaje basi jina la mwanamke wa ukoo huo lichelewe hadi mwaka 2024 kuandikwa juu ya jalada la kazi yake mwenyewe?

Ili tulijibu, turudi nyuma hadi kwa mzee.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doda, Dodoma. Utoto wake ulikuwa wa mtoto wa Kigogo wa zama zile: kuchunga ng'ombe. Kazi ya kuchunga ina saa nyingi za upweke, na mchungaji mwenye sauti huwa na uwanja mpana wa kuijaribu. Baba yake alikuwa mpigaji, na kwa baba ndiko alikojifunza. Hakuna aliyemwandikia nota. Alisikia, akaiga, akakosolewa, akarudia.

Ala iliyompa jina ni ilimba. Naomba nikueleze ilivyo, maana wengi tumeisikia bila kuiona. Ni sanduku la mbao, unalipakata mapajani au kulishika mikononi, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba vilivyofuliwa hadi vikawa bapa. Wanaopiga ni vidole gumba. Ilimba ndogo ina vyuma vichache, lakini zile kubwa alizopiga Hukwe zilifika vyuma 60 na zaidi, na si vyote vinavyoguswa na kidole. Vingine vipo kwa ajili ya kuitika: ukipiga kimoja, jirani yake anatetemeka mwenyewe na kuongeza mvumo. Halafu kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai yake. Utando huo ndio unaotoa ule mvumo unaofanana na wa nyuki walio mbali. Mgeni akiusikia kwenye rekodi hudhani spika imepasuka, kumbe umewekwa kwa makusudi, na fundi akiona umechanika hapigi mpaka abandike mwingine.

Katika miaka ya sitini Mwalimu Nyerere alimsikia kijana huyo akamwita Dar es Salaam. Ilikuwa enzi ya taifa changa kutafuta sura yake, na kikundi cha taifa cha ngoma kilikusanya mafundi kutoka kila pembe. Baadaye kazi hiyo ikahamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, chuo ambacho tangu mwaka 2007 tunakiita TaSUBa. Hukwe akawa miongoni mwa walimu wake. Akahamia na jamaa zake, akajenga, akazaa, akalea. Ndivyo ukoo wa Kigogo ulivyoota mizizi pwani, katikati ya Wazaramo na Wakwere, mahali ambapo ngoma iliyozoeleka ni mdundiko na muziki wa sebuleni ni taarabu.

Njia aliyoshukia ni ya zamani sana. Leo ukitoka Dodoma unapita Morogoro, unafika Ubena Zomozi, kisha Chalinze, unakata kushoto kwenda Msata na kushuka kupitia Kiwangwa penye mananasi hadi unaona bahari. Katika karne ya 19 misafara ilitembea kwa miguu kati ya Bagamoyo na bara, ikivuka Ugogo ambako watemi walidai hongo kwa maji na njia. Wapagazi walikuwa wakiimba njiani, maana mzigo unabebeka vizuri zaidi kwa wimbo. Kwa hiyo Bagamoyo imesikia sauti za Ugogo kabla ya Hukwe. Tofauti ni kwamba yeye alikuja akakaa, na akafundisha.

Dunia ikamjua. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, ilitoa albamu yake Chibite. Baadaye akarekodi Assembly pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Mwaka 2002 yeye na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, walizunguka Marekani katika ziara ya Peter Gabriel, wakiimba kwenye kumbi kubwa mno. Hukwe alifariki dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Charles, ambaye wengi walimtazamia aushike usukani, akafariki mwaka uliofuata.

Sasa tuingie uani.

Ngoma ya Kigogo, kama nyingi za kwetu, ina mwenye kuanzisha na wenye kupokea. Mwenye kuanzisha ndiye manju. Maneno ni yake, mafumbo ni yake, lawama na sifa ni zake. Wanaopokea ndio wanaoubeba wimbo. Na usidhani kupokea ni kazi ya wasiojua! Wagogo hawaimbi wote kwa sauti moja. Mmoja anashika chini, mwingine juu, wa tatu anapita katikati yao, na zikikutana vizuri unasikia sauti ya nne ambayo hakuna aliyeiimba. Mtoto hafundishwi mambo haya kwa maneno. Anakaa kati ya wakubwa, na akikosea, sikio lake lenyewe linamsuta kwa sababu wimbo unachacha pale alipo. Ndipo anasogeza sauti kidogo kidogo hadi inakaa mahali pake.

Huko ndiko Pendo na Leah walikokulia. Kabla ya kitu kingine chochote walikuwa wapokeaji. Na kwa desturi ya ukoo, wanawake walibaki hapo. Ilimba na zeze zilikuwa mikononi mwa wanaume, na kuanzisha wimbo mbele ya hadhira kulikuwa kwa wanaume. Wanawake waliimba nyuma, wakacheza, wakavaa njuga miguuni. Walisafiri, walipanda majukwaa, walipigiwa makofi, lakini mtazamaji alirudi nyumbani na jina la mwanamume.

Ajabu ni kwamba Wagogo hao hao wana ngoma ya muheme, na muheme ni ya wanawake. Wanazibana ngoma kati ya mapaja na kuzipiga kwa viganja, nyingine ndefu, nyingine fupi, kila moja na neno lake. Kabla ya kupiga zinapelekwa motoni, zinaelekezwa ngozi kwenye makaa, na mama mmoja anakaa akizigongagonga kwa vidole mpaka ngozi ikaze na mlio upande. Akiizidishia moto itapasuka, akiipunguzia italia kama gunia. Muheme imefungamana na mambo ya unyago, kwa hiyo mtoto wa kike anaipata mapema, pengine akiwa bado mgongoni mwa mama anayepiga, mdundo ukimwingia kifuani kabla hajajua kusema. Kwa hiyo mwanamke wa Kigogo hakuwahi kukosa ala wala uongozi. Alikuwa navyo katika uwanja wake mwenyewe. Alichonyimwa ni uwanja wa umma, ule wenye kipaza sauti, mkataba na malipo.

Hili nalisema kwa uzito. Watu wengi wakisikia habari za desturi wanadhani ni kitu kimoja kisichobadilika, ama ukipokee chote ama ukitupe chote. Pendo na Leah hawakuitupa. Wameitoa muheme kwenye uwanja wa wanawake wakaiweka mbele ya watu wote, wakashika na ala zilizokuwa za wanaume, wakaanzisha nyimbo zao wenyewe. Sikiliza Maisha kwa makini utasikia kwamba kiini cha albamu nzima ni kile kile kiitikio walichokulia ndani yake: sauti mbili zinazojuana kiasi kwamba moja ikianza kupanda nyingine imeshajua itashukia wapi. Miaka ile ya kuimba nyuma haikupotea. Ndiyo iliyowapa kitu ambacho mwimbaji aliyeanza na jukwaa lake peke yake hakipati kwa urahisi, yaani kumsikia mwenzake.

Lakini sitaki mtu alitumie neno langu hili kuhalalisha miaka yote waliyowekwa nyuma. Chuo kizuri ni kile ambacho mwanafunzi anahitimu. Ukimfundisha mtu kila kitu kisha ukamwambia mlango wa kutokea ni wa kaka zake tu, hapo umemfungia.

Na kaka mwenyewe pia njia yake haikuwa nyepesi. Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, alipiga na baba yake, na baada ya msiba akabaki na deni zito: kila mtu alitaka asikike kama mzee. Mwaka 2017 alitoa albamu Uhamiaji kupitia kampuni ya Soundway ya London, akishirikiana na mtayarishaji Mwingereza Sam Jones. Humo ilimba inakaa pamoja na vinanda vya umeme, na sauti ya Msafiri haijaribu kumfuata baba yake kule juu alikokuwa akipaa. Wapo walionung'unika kwamba hiyo si asili tena. Mimi sikubaliani nao. Hukwe mwenyewe alipanua ilimba, akaikalisha na gitaa la umeme la Michael Brook, na hakuna aliyemwambia si Mgogo. Mtoto akifanya kile kile alichofanya baba, yaani kuongeza cha kwake, ndipo hasa anapomfuata.

Nataka pia niliseme hili mapema: nisingependa kusikia kwamba watu hawa waligunduliwa na Wazungu. Watayarishaji wa Maisha, Oli Barton-Wood na Tom Excell, ni Waingereza na wamefanya kazi nzuri, maana wamerekodi bila kuufunika muziki. Walileta mashine, masikio na mkataba. Nyimbo walizikuta zimekwisha kuiva. Shukrani wanastahili, na wamezipata kwa kuandikwa majina. Linalonisumbua ni jingine: kwa nini mwenye mashine, masikio na mkataba kila mara awe ametoka mbali?

Maana jambo hili si la jana. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alianza kwa kutembeza vyungu huku akinadi kwa wimbo, na njia hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye taarabu. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay, India, na huko sauti yake ikaingizwa kwenye sahani za santuri za His Master's Voice. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Bombay mwaka 1928, Uingereza mwaka 1996, Uingereza tena mwaka 2017 na mwaka 2024. Miaka karibu mia moja, na bado msanii wa pwani yetu akitaka sauti yake ihifadhiwe vizuri na isambazwe kwa heshima, anasubiri jahazi la mgeni.

Kulikuwa na wakati ambapo hatukusubiri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ndiyo studio ya taifa. Bendi zilifika pale na vyombo vyao, zikarekodi, na jioni wimbo ukasikika Songea na Bukoba. Watangazaji na mafundi mitambo walisafiri vijijini pia, wakazirekodi ngoma za asili palepale zinapochezwa. Malipo yalikuwa madogo na haki za watunzi zilisahauliwa, hilo halifichiki. Lakini mtoto wa Doda au wa Ubena aliweza kusikia redioni wimbo wa watu wanaofanana na bibi yake, na hilo lilimwambia kwamba kuimba kwa bibi ni jambo la maana. Leo mtoto huyo ana redio nyingi mara dufu, ana simu mkononi, na nyimbo za bibi yake hazimo. Zikipigwa ni siku ya sherehe ya kitaifa, dakika mbili, kabla ya hotuba, na mtangazaji hataji nani katunga.

Hapo kwenye kutaja ndipo penye shida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wimbo wa asili ukipigwa tunasema ni ngoma ya Wagogo, basi. Tunaongea kana kwamba ulijitunga wenyewe, kana kwamba kabila zima liliketi siku moja likakubaliana maneno. Ni kweli mdundo ni wa ukoo na ala ni za jadi. Lakini kila wimbo ulianzishwa na mtu. Kuna aliyelala hajapata usingizi akitafuta neno la kukaa vizuri kwenye mdundo, na asubuhi akaliimba kwa wenzake, wakalipokea. Mtu huyo ni mtunzi kama mtunzi wa Bongo Fleva alivyo mtunzi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda, na mwaka 2022 COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki nchini, iligawa mirabaha inayotokana na nyimbo kupigwa redioni na kwenye televisheni. Sasa nieleze: mwanamke ambaye wimbo wake haupigwi, au unapigwa bila jina lake kuandikwa popote, atalipwaje?

Najua nitajibiwa kwamba wasikilizaji hawataki. Nimelisikia jibu hilo katika vyumba vingi vya habari, na kila nikiuliza ni lini waliulizwa, naona kimya. Kila mwaka Bagamoyo ina Tamasha la Sanaa na Utamaduni, lililoanza miaka ya themanini, na viti vya TaSUBa hujaa watu wa mjini na wa vijijini, watoto wa shule kwa wazee, wakikaa kwenye mavumbi viti vikiisha. Wale wote wanasikiliza nini? Zanzibar kuna Sauti za Busara, na Msafiri amewahi kuchezesha ukumbi mzima wa Ngome Kongwe kwa ilimba. Watu wanataka. Wanachokosa ni kuwekewa.

Na kuna ubishi mwingine, kwamba Kigogo hakieleweki na wengi. Lakini tunapiga Kilingala tangu enzi za babu zetu, na mtu wa Lindi anaimba nyimbo za Kinshasa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kujua neno. Hatujawahi kuliona hilo kuwa tatizo. Kwa nini lugha ya Dodoma, saa chache tu kwa barabara ya lami, iwe ngeni kuliko ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika?

Kwa hiyo maombi yangu leo ni mawili, na ni mepesi kutimizwa.

La kwanza ni kwenu watayarishaji na watangazaji wenzangu, wa redio za taifa, za binafsi na hizi redio jamii zetu za mikoani. Itafuteni Maisha. Itafuteni Uhamiaji. Wekeni wimbo mmoja tu kwa wiki, saa ambayo watu wako macho, katikati ya nyimbo nyingine zote, msiufungie kwenye kipindi cha utamaduni cha saa kumi na moja alfajiri. Ukimalizika tajeni majina: Pendo Zawose, Leah Zawose, Msafiri Zawose. Yaandikeni kwenye orodha yenu ya nyimbo zilizopigwa, yaende yanakotakiwa kwenda, wenyewe wapate haki yao.

La pili ni kwako msikilizaji uliye Ubena, Kiwangwa, Msata, Bagamoyo mjini au popote unaponisikia. Kama nyumbani kwako au kwa jirani kuna mama au binti anayeanzisha nyimbo kwenye ngoma, harusini au kwenye kwaya, na nyimbo ni zake, mrekodi kwa hiyo hiyo simu yako, kwa ridhaa yake, na mwanzoni mwa kurekodi mwache aseme jina lake na mwaka alioutunga wimbo. Kisha mwambie aende COSOTA akausajili.